Gando la kaa na joto la Lamu: shajara ya kaktasi yangu

28 Desemba

Naanza kuandika leo manake najijua, nisipoandika nitasahau nimemwagilia lini halafu nianze kusingizia watu. Binamu yangu amefika jana jioni kutoka Nairobi, basi mpaka Mombasa, akalala huko, basi tena mpaka Mokowe, kisha boti, na safari yote hiyo amepakata mkebe wa maua umefungwa gazeti. Ni kaktasi ya Krismasi. Anasema kwake ilitoa maua mwezi wa nane mpaka majirani wakaja kupiga picha, sasa anahamia kijumba cha chumba kimoja hana pa kuiweka, akakumbuka mimi ndio mwenye wazimu wa mimea. Pingili tatu zimekatika njiani na udongo nusu umemwagika kwenye begi lake.

Mama alivyoiona swali la kwanza, "Lanukia?" Nkamwambia halina ua saa hizi. "Na miba iko wapi, si waniambia ni kaktasi?" Haina miba. Akaishika pingili ya mwisho, zile zenye ncha mbilimbili zilizochongoka, akasema hili gando la kaa hili. Basi jina likawa Gando, na limetuokoa na mengi manake ami yangu alishaanza kuuliza mti wa Krismasi wafanya nini nyumbani kwetu.

5 Januari

Nimesoma usiku kucha badala ya kulala. Kumbe si mmea wa jangwani hata kidogo. Kwao ni Brazili, kusini mashariki, kwenye milima ya misitu iliyo karibu na bahari upande wa Rio de Janeiro, na kule haumei chini, unamea juu ya matawi ya miti na kwenye nyufa za mawe, kivulini, kwenye ukungu na umande. Haunyonyi mti, umepanda tu umekaa. Na haya ninayoyaita majani si majani, ni shina lenyewe limekuwa bapa, pingili juu ya pingili kama muwa uliokanyagwa. Jina la vitabuni ni Schlumbergera, lilitolewa 1858 kwa heshima ya Mfaransa mmoja mkusanyaji kaktasi, Frédéric Schlumberger. Mama amejaribu kulitamka mara moja akarudi kwenye Gando.

Jingine, hii yangu si ya Krismasi kwa kweli. Ile ya Krismasi hasa ina kingo za mviringo, zimelainika, hii yenye ncha kali ni nduguye, truncata, ambaye kule kaskazini ya dunia hutangulia kutoa maua, mwezi wa kumi na moja hivi. Na Wabrazili wenyewe huliita ua la Mei, manake kwao huo ndio mwezi usiku unarefuka na baridi inaingia.

Hapo ndipo nlipokaa kitako. Usiku urefuke, baridi iingie. Lamu! Sisi tuko digrii mbili tu chini ya ikweta, usiku wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, haurefuki haupungui, na baridi yetu ni ile ya kusi ambayo mtu huvaa sweta kwa madaha tu.

19 Januari

Nafanya kazi duka la dawa, na dukani tuna kipimajoto cha kurekodi joto la dawa, nikakiomba cha akiba nikaja nacho nyumbani. Usiku wa kaskazi, saa nane: ukumbini 29, kwenye kidaka cha ukutani 28, kiwandani, yaani uani, chini ya mbingu 27. Na hizi ni nyumba za mawe za kizamani, kuta nene kama urefu wa mkono wangu, watu husema zina ubaridi, ndio zina ubaridi mchana, usiku zinarudisha lile joto zililokula.

Wanaojua wanasema Gando hutaka usiku wa kama digrii 15 mpaka 20 ndio afanye matumba, ikizidi 24 hivi anakataa hata umpe giza la namna gani. Nikajaribu akili ya mtungi, nkauweka mkebe ndani ya beseni la udongo lenye mchanga mbichi nkalifunika kitambaa cha maji, nkaamka saa kumi kupima. Digrii moja ndio imeshuka. Hewa yetu imejaa maji tayari, haina nafasi ya kunywa mengine, kwa hiyo hakuna kinachopoa.

8 Februari

Pingili za juu zimekuwa rangi ya beetroot. Nilidhani ni dalili ya maua nkafurahi kama mjinga, kumbe ni jua. Kiwandani kwetu jua la saa sita linapiga kwa dakika arubaini tu, zikatosha. Nikamhamishia dakani, pale barazani mbele ya mlango wa nje, penye kivuli siku nzima, nkaona hapo mambo safi. Siku ya tatu punda wa mchanga akapita, mzigo ukamkumba, mkebe chali. Mwenye punda ananiambia mimi ndio nimeweka maua barabarani. Daka si barabara lakini sikubishana, kina punda Lamu walikuwepo kabla yangu.

Sasa yuko kwenye kidaka cha pili ukumbini, anapata mwanga wa kiwanda bila jua lenyewe. Rangi imeanza kurudi kijani.

23 Februari

Maji. Hili nlipaswa kuliona mapema. Juu ya udongo kumetoka ukoko mweupe na mdomo wa mkebe una duara jeupe kama la sufuria iliyochemshiwa maji. Maji ya bomba la Lamu yanatoka visima vya Shela, chini ya yale machunguu ya mchanga, na siku zingine ukiyaonja unajua bahari iko karibu. Ya kisima chetu cha nyumbani ndio usiseme, chai yenyewe hatupikii. Mmea uliozoea umande wa msituni ukiupa maji ya chumvi na chokaa kila siku mizizi inaungua polepole.

Kwa hiyo kuanzia leo ananunuliwa maji. Ndio, ya chupa kubwa ile ya lita ishirini tunayokunywa sisi, anapata kikombe. Mama amesema mwanangu, mti wako unakunywa maji ya mgeni.

16 Machi

Ramadhani. Niandike kwa kifupi manake nina hasira. Nilikuwa na zamu za usiku, nkawaambia watu wa nyumbani wamtupie jicho Gando, basi kila mtu akamtupia na kikombe. Mama baada ya futari, mdogo wangu akirudi tarawehe, binamu aliyekuja kulala naye akaona mmea umenywea akaupa. Nimemkuta amelegea, pingili zimekunjamana kama mtu aliyekaa sana majini, na hapo ndipo mtego, manake akikosa maji anafanana vivyo hivyo! Ukikosea ukaongeza maji umemzika. Nlichofanya ni kutia kidole mpaka ndani, udongo ulikuwa tope na harufu ya kinamasi.

Nikamtoa wote. Mizizi nusu na zaidi imekuwa kahawia, ukiivuta inatoka ganda. Nikakata yote iliyooza kwa mkasi niliopangusa spiriti, nikamwacha siku mbili juu ya gazeti kivulini, uchi, apone majeraha. Mama alidhani nimemtupa.

Usiku huohuo nkafanya na akiba. Unazungusha pingili kwenye kiungo, haikatwi, inazungushwa tu inaachia yenyewe, unachukua vipande vya pingili mbili au tatu, unaviacha siku moja au mbili mdomo ukauke, ndio unavichomeka. Nina vipande sita. Mikebe sina, vifuu tele, nkavitoboa chini kwa msumari wa moto.

22 Machi

Mchanganyiko mpya. Nauandika manake huu ndio nimeufikiria kwa akili yangu: usumba wa nazi uliochambuliwa sehemu mbili, mkaa uliopondwa ukubwa wa mbaazi sehemu moja, mboji iliyooza kabisa sehemu moja. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi na vigamba. Usumba nao angalia umetoka wapi, makumbi mengine huwa yamefukiwa pwani ili yalainike kwa kusuka kamba, hayo yamelewa bahari. Wangu nimechambua kwenye makumbi makavu ya jikoni, halafu nkauloweka na kuukamua mara tatu.

Mama akachungulia, "Huna mtanga humu ndani, utamea na nini?" Nkamwambia kwao humea juu ya mti. Akasema basi mpandishe mwembeni unipumzishe.

20 Aprili

Mvua imeanza. Gando amesimama, hajachipua ila amesimama. Kwenye vifuu, vinne kati ya sita ukivivuta kidogo vinakataa kutoka, maana yake vimeshika mizizi. Kimoja kimeoza. Kimoja alikitafuna paka, nkaingia baridi nkaenda kusoma haraka, alhamdulillahi mmea huu hauna sumu kwa paka. Hawa paka wetu wa Lamu hata hivyo sidhani kuna kitu kinawadhuru.

11 Mei

Masika yenyewe. Nimeweka madebe chini ya mlizamu wa dari, nimejaza mapipa mawili, hayo ni ya Gando peke yake na nimeandika juu kwa makapeni. Wazee walikuwa na akili, nyumba na misikiti ya zamani ilikuwa na majabia ya kukinga maji ya mvua, letu limegeuzwa stoo ya viti vibovu. Tangu anywe maji ya mvua amechipua pingili mpya kila ncha, ndogo, zinang'aa, rangi ya tango changa. Nampa mbolea ya maji hafifu, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, kila wiki mbili.

1 Juni

Vidudu vyeupe kama vipande vya pamba kwenye viungo. Pamba yenyewe na spiriti, kiungo kimoja kimoja, jioni mbili. Wamekwisha. Sina la zaidi.

14 Juni

Sasa kazi yenyewe. Kusi limeingia, nimepima tena nyumbani usiku: 25, siku moja 24 na nusu. Hapa ndio baridi yetu imefika mwisho wake na bado haitoshi. Nlikuwa nafikiria nimrudishe Nairobi kwa miezi mitatu, kule mwezi wa saba usiku unashuka mpaka 12 hivi, ndio maana kwa binamu alijitolea maua mwenyewe bila mtu kumfanyia lolote. Lakini nkifikiria ile safari ya boti na mabasi mawili, kwenda na kurudi, roho inakataa.

Halafu jana nimekaa stoo ya dukani nahesabu kartoni za dripu, nahisi baridi ya miguu, nkatazama ukutani. 20. Stoo ya dawa haizimwi AC usiku wala mchana, dawa nyingi sharti zikae chini ya 25. Nimekaa na jawabu nusu mwaka nikilipwa mshahara kulikalia!

Bosi nimemwomba leo. Kanitazama. Kasema udongo hauingii stoo ya dawa, basi. Nkamwambia hauna udongo ni usumba na mkaa, akacheka. Tumekubaliana: kile kichumba cha mbele ya stoo tunachowekea mafaili, kinapata AC ileile mlango ukiwa wazi, kina dirisha la kioo cha ukungu, na mkebe uwe ndani ya ndoo safi yenye mfuniko chini usidondoke kitu. Nkiona mdudu mmoja, anasema, wewe na mmea wako mtaondoka pamoja.

21 Juni

Siku ya kwanza. Kipimo cha kichumba usiku ni 20 na nusu. Utaratibu: saa kumi na moja na nusu jioni namfunika kartoni ya dripu, nene, nimeziba mashimo kwa selotepu nyeusi, saa moja na nusu asubuhi naifunua. Saa kumi na nne za giza. Lazima kartoni manake duka linafunguliwa tena baada ya Magharibi mpaka saa tatu, taa zinawaka, na taa ya dukani kwa mmea huu ni jua tu, usiku wake unakatika katikati unahesabiwa hakuna. Inatakiwa wiki sita mpaka nane hivihivi bila kuruka. Mbolea nimekata. Maji nimepunguza, asikauke kabisa lakini, vidole viwili vya juu vikikauka ndio anakunywa.

9 Julai

Mwenzangu wa zamu ya jioni aliondoa kartoni akaitia chupa za mteja wa Faza. "Niliona tupu." Haikuwa tupu, ilikuwa imefunika mmea! Sijui alikaa kwenye taa muda gani. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye kartoni mpya USIGUSE INALALA. Wateja wanauliza nini kinalala.

17 Julai

Stima imepotea kutoka saa mbili usiku mpaka alfajiri. Dawa za friji tulizihamishia kwenye kisanduku cha barafu, Gando akabaki hapo, asubuhi kichumba kilikuwa 25. Usiku mmoja, sijui atakasirika vipi.

3 Agosti

Kuna kitu. Kwenye ncha za pingili tatu, pale katikati ya magando mawili, vichunusi vyekundu ukubwa wa punje ya mtama. Niliviangalia kwa tochi ya simu mpaka mwenzangu akadhani nimepoteza hereni. Pingili mpya huanza bapa na kijani, hivi ni vya mviringo na vyekundu. Matumba. Wallahi matumba.

Nimempigia binamu video, akasema ah, kwangu yalikuwa zaidi ya arubaini. Nimekata simu.

17 Agosti

Matumba tisa. Kartoni nimeacha, yakishatokea giza halina kazi tena. Sasa sheria ni moja, usimsogeze, usimgeuze, usimkaushe, usimlowanishe sana. Matumba ya huyu huanguka kwa mabadiliko ya chochote.

6 Septemba

Na mimi niliyeandika hayo ndiye niliyemsogeza.

Wageni wa Maulidi wameanza kuja, nyumba imejaa, shangazi wawili kutoka Malindi na watoto wao, na mama kwa ulimi wake mwenyewe ameshawatangazia kwamba binti yake anafuga kaktasi kwa dripu. Wanataka kuiona. Matumba yalikuwa yamerefuka, makubwa kama kidole cha mtoto, waridi iliyokolea, nkajiambia siku mbili tu, nyumbani kwenye kidaka, wageni wakifurahi namrudisha. Nikambeba Ijumaa jioni chini ya buibui kama mtoto mchanga.

Jumamosi asubuhi mawili chini. Adhuhuri la tatu. Jioni ukigusa kidaka tu linadondoka. Kutoka 20 ya AC mpaka 27 ya ukumbi uliojaa watu, udi na pilau, nlitegemea nini. Shangazi mkubwa akayaokota akayaweka kwenye kisahani akaniambia, "Pole mwanangu, hata ya kutungia kikuba hayafai." Hayakuwa yamefunguka hata moja.

Yamebaki manne. Nimemrudisha usiku huohuo, bosi alikuja kunifungulia na kikoi chake, hakusema neno, alishika tochi tu.

18 Septemba

Matatu. La nne liliangukia kwenye ndoo. Haya matatu yamenenepa, ncha zimeanza kupauka, nahisi ni wiki hii.

24 Septemba

Limefunguka moja! Lilianza jana jioni, leo asubuhi nilipoingia lilikuwa limejikunja petali zake nyuma, safu juu ya safu, kama ua moja limetoka ndani ya jingine, waridi kali ukingoni, katikati karibu jeupe, na uzi mwekundu wa kikonyo cha kike umetokeza mbele ya vijiti vya unga. Halisimami wima, limelala kimshazari, limeinamisha uso kidogo. Picha kumi na saba. Nyuma yake inaonekana rafu ya paracetamol, siondoi.

27 Septemba

Kwa kuwa Gando haendi nyumbani tena, nyumbani imekuja kwake. Mama amevaa buibui la kutokea, ametembea kutoka mtaani Mkomani mpaka dukani, akapita wateja wote, akaingia kichumbani. Alikaa kwenye kiti cha mafaili. Akaliangalia pande zote. Halafu akafanya nilichojua atafanya, akainama akanusa.

"Halinuki."

Nkamweleza, kule kwao kinachokuja kunywa asali ni ndege, vidogo vyenye midomo mirefu, kama chozi wetu anayekuja kwenye maua ya mgomba. Ndege huyo haitwi kwa harufu, huitwa kwa rangi. Asumini wa kwake ananukia usiku kwa ajili ya wadudu wa usiku, huyu hana haja.

Akafikiria. Akasema kwa hiyo lilimvalia ndege. Kisha akauliza kama vile vifuu vinne nimeshampa mtu.

19 Oktoba

Maua matatu yote yamekwisha, kila moja lilikaa siku sita saba, sio mbaya kwa baridi ya digrii ishirini. Gando yuko mapumzikoni, maji kidogo, mbolea hakuna mpaka achipue tena, halafu nitamkonyoa kila pingili ya mwisho kwa kidole ili atoe matawi mawili mawili, manake ncha ndizo zinazotoa ua. Bosi ameuliza mwaka ujao tutaanza tarehe ngapi, ati apange kartoni.

Vifuu: kimoja kwa mama, ameking'ang'ania kukiweka kando ya asumini kiwandani, nimesogeza mara mbili kuondoa juani amerudisha mara mbili. Kimoja kwa shangazi Malindi, ambaye ana friji ya soda yenye mlango wa kioo dukani kwake na ameniuliza ile ni digrii ngapi. Nimemwambia ile ni nne, shangazi, utamgandisha. Viwili vimebaki.